Ruta ya CNC ya Kujiundia Inaposhindwa na Alumini: Dalili, Vyanzo na Tiba

Mtu akiunda ruta yake mwenyewe ya CNC, yaani mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta, mbao inakatika siku ya kwanza. Alumini haikubali kirahisi hivyo. Biti inaziba, mashine inapiga kelele, biti inakatika shingo, na fundi anabaki akishuku fremu, mota na programu kwa wakati mmoja. Mwongozo huu unaanzia kwenye dalili, yaani kile unachokiona, unachokisikia na unachokipima, kisha unarudi nyuma hadi kwenye chanzo.

Niseme msimamo wangu mapema. Kwenye mashine nyepesi, chanzo kikuu cha matatizo ni woga. Fundi anaiona biti nyembamba, anaiona fremu isiyo nzito, anapunguza mwendo mpaka mashine inatambaa, huku spindo, yaani mota inayozungusha biti, ikizunguka kwa kasi yake yote. Hapo kila jino linaigusa alumini bila kuingia ndani yake. Linasugua, joto linapanda, alumini inajibandika kwenye makali, na baada ya hapo hakuna mpangilio wowote utakaoiokoa biti hiyo. Ukitaka kuipunguzia mashine mzigo, punguza kina cha kila pita, yaani kila safari moja ya biti juu ya alumini. Unene wa randa uache ulivyo.

Hesabu ya kufanya kabla ya yote

Unene wa randa ni kiasi ambacho jino moja linakwangua kila linapopita. Chukua mwendo wa mashine kwa milimita kwa dakika, ugawe kwa mizunguko ya spindo kwa dakika, kisha ugawe tena kwa idadi ya meno ya biti. Kwa biti ya kabaidi (nyenzo ngumu ya kutengenezea makali) ya milimita 6, lenga milimita 0.03 hadi 0.05. Kwa biti ya milimita 3, lenga 0.015 hadi 0.025.

Biti ya milimita 6 yenye jino moja, ikizunguka mara 16,000 kwa dakika na kutakiwa kukwangua 0.04, inahitaji mwendo wa milimita 640 kwa dakika. Sasa chukua biti ya meno matatu, izungushe mara 24,000, uipeleke kwa mwendo wa 300 unaoonekana kuwa wa tahadhari. Kila jino linapata milimita 0.004 tu. Makali ya kabaidi, hata yakiwa mapya, yana uduara wa maikroni kadhaa kwenye ncha (maikroni moja ni milimita 0.001), kwa hiyo unaliomba jino likate randa jembamba kuliko makali yenyewe. Haliwezi. Ili biti hiyo ya meno matatu ipate 0.04 kwenye mzunguko uleule, mashine ingepaswa kwenda milimita 2,880 kwa dakika huku ikikata, na ruta nyingi za kujiundia hazina mota wala fremu ya kufanya hivyo.

Hii ndiyo sababu biti ya jino moja inafaa zaidi kwa mashine zetu. Inakubali mwendo wa wastani na bado inakata randa la kweli, na mfereji wake ni mpana, kwa hiyo maranda yana pa kutokea. Kama una biti moja tu ya kununua kwa ajili ya alumini, nunua hiyo, yenye mfereji uliong'arishwa na usio na rangi yoyote juu yake.

Alumini inaganda kwenye biti

Simamisha spindo, toa biti, uitazame chini ya taa kwa kioo cha kukuzia. Biti nzima ina makali ya kijivu kilichokoza na mfereji mtupu. Biti iliyoanza kuziba ina mstari mweupe wa rangi ya fedha kando kando ya makali. Ukipitisha ncha ya kijiti cha meno juu yake unahisi kigongo kidogo, na hakibanduki. Hiyo ni alumini iliyojishikiza. Kuanzia hapo kinachokata si kabaidi tena, ni kigongo butu cha alumini kinachokata alumini mwenzake. Mfereji unajaa kwa sekunde chache, kisha biti inageuka kijiti kinachosukumwa ndani ya chuma.

Anza na unene wa randa, kwa hesabu ya hapo juu. Ukiwa chini ya lengo, punguza mzunguko wa spindo kabla ya kuongeza mwendo, kwa sababu kushusha kutoka 24,000 hadi 16,000 hakuiongezei fremu mtikisiko wa kwenda mbio. Ila usishuke mno: spindo ndogo za kasi zina nguvu kidogo zikizunguka polepole, na zile zinazopozwa kwa feni iliyofungwa kwenye mhimili wake hupata joto zikikaa chini kwa muda mrefu.

Pili, angalia maranda yanakwenda wapi. Maranda yakibaki kwenye mfereji unaokatwa, biti inayakata tena, na kila linalokatwa mara ya pili linaongeza joto na kubanwa kati ya jino na ukuta. Hewa ya kompresa ielekezwe palepale biti inapogusa, tangu sekunde ya kwanza. Hewa kavu peke yake, kwenye randa la unene sahihi, inatosha kwa kazi nyingi.

Tatu, kilainishi. Matone machache ya mafuta ya taa, ya WD-40 au ya spiriti yanaizuia alumini kujishika kwenye kabaidi, na hiyo ndiyo kazi yake kubwa, zaidi ya kupoza. Kunyunyiza kidogo kila baada ya muda kunafaa kuliko kumwaga. Mafuta ya kukatia yanayochanganywa na maji yatavimbisha ubao wa MDF kama ndio meza yako. Na hapa pana hatari ya kweli: ruta za mkono zenye mota ya burashi hutoa cheche ndani, na mvuke wa spiriti unashika moto. Kwenye mota ya namna hiyo usitumie spiriti kabisa. Ukungu wa mafuta nao usiuvute kifuani, fungua madirisha.

Nne, tazama rangi ya biti. Biti nyeusi-zambarau zenye utando wa TiAlN au AlTiN zimetengenezwa kwa ajili ya chuma cha pua na chuma kigumu. Utando huo wenyewe una alumini ndani yake na huivuta alumini unayokata. Biti tupu iliyong'arishwa, au yenye utando wa ZrN au DLC, ndiyo ya kazi hii.

Tano ni alumini yenyewe, na hili watu hulisahau. Aloi za 6061-T6, 6082 na 7075 hukatika vizuri kwa sababu zimefanywa ngumu. Bati laini la 1050 au 3003 linanata hata mikononi mwa fundi mzoefu. Fremu za madirisha mara nyingi ni 6063, ambayo inakatika lakini inanata kuliko 6061. Alumini iliyoyeyushwa na kumiminwa upya kutoka kwenye vyuma chakavu inaweza kuwa na chembe za mchanga zinazoharibu makali kwa pita moja. Kabla hujailaumu mashine, jaribu kipande kimoja cha 6061-T6 ambacho una uhakika nacho. Kikikatika safi, tatizo ni alumini uliyokuwa nayo.

Usitegemee rangi ya maranda kukwambia joto. Chuma hubadilika kuwa rangi ya majani makavu kisha bluu. Alumini haitoi onyo hilo. Badala yake angalia umbo. Randa zuri ni kipande kifupi kilichojikunja, upande mmoja ukimetameta, na lina uzito wa kutosha kuanguka. Ukiona vumbi la kijivu linaloelea au linaloshika kwenye vidole, biti inasugua.

Biti iliyoziba inaweza kuokolewa. Kwanza jaribu kubandua kwa ncha ya shaba nyeupe. Ikishindikana, iloweke kwenye maji yenye kostiki soda ndani ya chombo cha plastiki, kamwe si cha alumini. Soda inakula alumini na kuiacha kabaidi. Fanya nje, ukivaa glavu za mpira na miwani, mbali na moto, kwa sababu gesi inayobubujika ni haidrojeni. Mapovu yakiisha, toa biti na uisuuze kwa maji mengi.

Biti inavunjika

Swali la kwanza ni ilivunjika wapi, kwa kuwa mahali ilipovunjikia panataja chanzo.

Ikivunjika inaposhuka tu kwenye alumini, umeituma wima. Biti nyingi za kuchonga hazikati vizuri katikati ya ncha, na maranda ya shimo la wima hayana njia ya kupanda. Ishushe kwa mteremko wa digrii 2 au 3, au kwa mzunguko wa ond unaotengeneza tundu lenye kipenyo cha takriban mara moja na nusu ya biti.

Ikivunjika kwenye kona ya ndani, mambo mawili yamekutana. Kwenye ukuta ulionyooka, biti inagusa alumini kwa sehemu ndogo ya mzingo wake; ikifika konani, eneo hilo linaongezeka ghafla. Wakati huohuo mashine inapunguza mwendo ili igeuke, kwa hiyo biti inasugua kwanza, kisha inabebeshwa mzigo. Tiba rahisi iko kwenye mchoro: kona ya ndani iwe na nusukipenyo kikubwa kuliko cha biti. Kwa biti ya milimita 6, chora kona ya milimita 3.5 au 4 badala ya 3 kamili. Biti itapita kwa kuzunguka na haitasimama kamwe.

Ikivunjika katikati ya mfereji ulionyooka, kina ni kikubwa mno au maranda yamejaa. Kukata mfereji wenye upana sawa na biti ndiyo kazi ngumu kuliko zote, kwa kuwa nusu nzima ya mzingo iko ndani ya alumini. Kwenye ruta ya kujiundia, kina cha milimita 0.2 hadi 0.5 kwa pita kinafaa kwa mifereji ya namna hiyo. Kama programu yako ina njia za kukata zinazoweka mzigo sawa muda wote, zile zinazochora vitanzi vidogo, zitumie kila unapoweza. Biti ya milimita 6 inakata upana wa milimita 0.6 hadi 0.9 kwa kina cha milimita 3, maranda yanatoka, na urefu mkubwa zaidi wa makali unafanya kazi kuliko ncha peke yake. Kumbuka tu kwamba upana ukiwa mdogo randa huwa jembamba kuliko hesabu inavyosema: kwa upana wa asilimia 10 ya kipenyo, unene halisi ni 0.6 ya ule uliouhesabu. Ongeza mwendo mara 1.6 hivi, kama mashine yako inaweza.

Na popote ivunjikapo, tazama biti imetokeza kiasi gani nje ya koleti, yaani kibano kinachoishika kwenye spindo. Kupinda kwa biti hukua kwa urefu mara urefu mara urefu. Ukiipunguza urefu kwa nusu inakuwa ngumu mara 8. Kipenyo kina uzito mkubwa zaidi: biti ya milimita 6 ni ngumu mara 16 kuliko ya milimita 3 ya urefu uleule. Wengi huchagua biti nyembamba wakidhani inaionea huruma mashine. Anzia na 6, na nyembamba iache kwa kona zinazoihitaji.

Mashine inalia na ukuta una mawimbi

Sauti ya kukata alumini vizuri ni mvumo uliotulia. Ikigeuka kuwa kilio kikali, na ukuta ukabaki na mistari iliyopangana kwa nafasi sawa, kuna kitu kinatetemeka na kila jino linalopita linakiongezea nguvu.

Kabla ya kugusa namba, pima ugumu wa mashine. Funga geji ya mshale kwenye meza, ncha yake iguse nati ya koleti. Spindo ikiwa imezimwa na mota za mihimili zikiwa na umeme, sukuma nati kwa kidole gumba kwa nguvu ya kilo 5 hivi, upande wa X (kushoto na kulia), kisha wa Y (mbele na nyuma). Mshale ukisogea milimita 0.05 na kurudi palepale ulipokuwa, una mashine nzuri ya kazi hii. Ukisogea 0.2, alumini utaikata kwa kina kidogo sana na kwa uvumilivu. Ukisogea na usirudi sifuri, kuna kitu kimelegea.

Sasa hamisha geji. Iguse mwili wa spindo, kisha bamba la Z (mhimili wa kupanda na kushuka), kisha daraja, yaani boriti inayobeba Z, kisha nguzo za daraja, ukisukuma palepale kila mara. Mahali ambapo msogeo unapungua ghafla ndipo penye udhaifu: kilichoko kati ya kipimo cha mwisho kikubwa na cha kwanza kidogo ndicho kinachopinda. Zoezi hili linafichua mengi kuliko siku nzima ya kubadilisha namba. Mara nyingi jibu ni Z, kwa sababu spindo inaning'inia mbali na beringi zake. Pandisha kipande cha kazi kwa kuweka ubao chini yake, ili Z isishuke mpaka mwisho. Kwenye mashine za magurudumu yanayotembea juu ya profaili, kaza nati za kurekebishia mpaka gurudumu lisiweze kuteleza kwa kidole bila daraja kusogea. Mikanda nayo hunyumbuka. Ikiwa ndiyo inayosukuma daraja lako, kina kidogo ni lazima, au ubadilishe uweke skrubu za gololi.

Kama fremu iko sawa na kilio kipo, badili mzunguko wa spindo kwa asilimia 10 hadi 20, juu au chini. Mtetemo unategemea jino kufika kwa wakati unaolingana na mwendo wa fremu, na ukivunja ulinganifu huo unanyamaza. Kisha punguza kina. Na kama hesabu inaonyesha randa ni jembamba, ongeza mwendo hata kama mkono wako unasita: jino lililozama linatulia, linalogusa juu juu ndilo linalorukaruka.

Kuna kelele nyingine inayofanana lakini chanzo chake ni tofauti, yaani mdundo wa haraka ulio sawia, hata kwenye kina kidogo. Hiyo ni biti inayoyumba kwenye koleti. Biti ya meno mawili ikiyumba kiasi cha milimita 0.05 huku ikitakiwa kukwangua 0.03, jino moja linafanya kazi yote na lingine halifiki. Weka geji kwenye shingo laini ya biti, zungusha spindo kwa mkono. Ukipata 0.01 uko salama, ukipita 0.03, fungua koleti. Safisha tundu la spindo na koleti kwa kitambaa kikavu. Randa moja dogo pale linatosha kuharibu kila kitu. Koleti ya ER iingizwe kwanza kwenye nati mpaka ilie, ndipo nati ifungwe kwenye spindo. Ukiisukuma koleti ndani ya spindo kisha ukafuatisha nati, itakaa upande. Na koleti iwe ya kipimo cha biti: usiibane koleti ya milimita 7 kwenye biti ya 6 kwa matumaini.

Sakafu ina vingazi

Ukipitisha ukucha kwenye sakafu ya mfuko na ukahisi vingazi, vyote vikiwa vimelala upande mmoja, spindo haijasimama wima. Funga geji kwenye spindo kwa mkono mrefu, izungushe kwa mkono juu ya meza, soma pande nne. Tofauti ya milimita 0.1 kwenye duara la milimita 100 itaacha ngazi ya 0.025 kwa biti ya kipenyo cha 25, lakini kwa biti ya 6 hutaihisi. Rekebisha kwa kuweka vipande vyembamba vya bati nyuma ya bamba la spindo.

Vipimo haviji sawa

Chonga vipande viwili vya majaribio, mraba wa milimita 10 na mraba wa milimita 100, kisha vipime kwa kalipa. Tofauti kati ya makosa hayo mawili inaonyesha chanzo.

Ikiwa 100 imetoka 99.8 na 10 imetoka 9.98, kosa linakua na urefu, basi hatua za mota kwa milimita hazijawekwa sawa. Mota ya hatua 200, draiva (kifaa kinachoiendesha mota) iliyowekwa igawanye kila hatua mara 8, skrubu inayosogea milimita 5 kwa mzunguko: 200 mara 8, gawa kwa 5, unapata hatua 320 kwa milimita. Kwenye GRBL, programu inayoendesha ruta nyingi za kujiundia, namba hiyo inakaa $100 kwa X, $101 kwa Y na $102 kwa Z. Kwa skrubu, namba ya hesabu ndiyo ya kutumia. Usiisogeze ili kuficha kosa la aina nyingine, kwa kuwa kipande cha urefu tofauti kitakuumbua.

Ikiwa 100 imetoka 100.2 na 10 imetoka 10.2, kosa ni lilelile kila mahali. Hapo kuna mambo matatu ya kuchunguza. La kwanza ni kipenyo halisi cha biti: pima, usiamini kilichoandikwa kwenye kiboksi. La pili ni kupinda. Ukikata kwa kufuata mzunguko wa biti, yaani kuuzunguka mzingo wa nje kwa mwelekeo wa saa, biti inasukumwa mbali na ukuta na kipande kinatoka kikubwa. Ukikata kinyume, biti inajivuta ndani ya ukuta na kipande kinatoka kidogo. Acha milimita 0.1 hadi 0.2 ukutani wakati wa kukata kwa kina, kisha malizia kwa pita moja nyepesi, na urudie pita hiyohiyo bila kubadilisha chochote. Pita ya pili itaondoa kile ambacho biti iliyopinda ilikiacha.

La tatu ni plei, yaani ulegevu unaofanya mota igeuke kidogo kabla mhimili haujasogea. Chonga duara la milimita 50 na ulitazame sehemu nne ambapo mhimili unageuza mwelekeo: juu, chini, kushoto na kulia. Vijibapa vidogo au vipandio pale ni alama ya plei isiyofichika. Thibitisha kwa geji: sogeza mhimili milimita 1 upande mmoja, weka mshale sifuri, endelea mbele milimita 1, kisha urudi milimita 1. Kinachokosekana ndicho plei. Chunguza kwanza kitu cha bei ndogo, yaani skrubu ya kukazia kiunganishi cha mota. Kisha beringi za mwisho wa skrubu, ambazo lazima zibanwe kusiwe na mchezo wa kwenda na kurudi. Nati ya skrubu iwe ya mwisho. Programu nyingi zina sehemu ya kufidia plei kwa namba, nami siipendekezi kwa alumini: fidia inajaza nafasi mota inapogeuka, lakini haiizuii biti kuvutwa ndani ya plei hiyo wakati wa kukata. Mashine yenye plei ikate kinyume cha mzunguko wa biti mpaka itengenezwe, kwa maana upande ule mwingine biti itajirukisha mbele yenyewe na kuvunjika.

Duara likitoka yai lililolala kwa pembe ya digrii 45, X na Y hazina pembe mraba. Toboa matundu manne kwenye kona za mstatili wa milimita 300 kwa 400. Kila ulalo uwe 500. Ukitofautiana na mwenzake, sogeza upande mmoja wa daraja.

Na kipande kikubwa usikipime kingali cha moto. Alumini hutanuka takriban maikroni 23 kwa kila mita kwa kila digrii. Kipande cha milimita 200 kilichopanda digrii 20 kinakuwa kirefu kwa karibu milimita 0.09, na ukikirekebisha kikiwa hivyo utakuwa umeharibu kilichokuwa sahihi.

Kingo zina ndevu

Ndevu kidogo, yaani vinyuzi vikali vya alumini vinavyobaki ukingoni, upande wa juu ni kawaida, na faili inazitoa. Zikiongezeka kutoka kipande kimoja hadi kingine, makali yamechoka. Biti iliyokwisha kukata MDF au ubao wenye gundi usiilete kwenye alumini ukitegemea isafishe kingo. Biti za alumini zitengwe.

Kipande kinajongea

Bati jembamba lililobanwa kingo tu hudunda katikati, na biti hulinyanyua. Libandike lote kwa gundi kali juu ya tepu ya karatasi, tepu moja kwenye meza na nyingine nyuma ya bati. Ukikata na joto likapanda, gundi hiyo inalegea, kwa hiyo bati likianza kuachia katikati ya kazi rudi kwenye sehemu ya biti inayoziba. Kwa kipande kinene, bolti zinazopita kwenye matundu yake zinashinda klampu zote.

Kina kinabadilika, au kazi inahama katikati

Ikiwa mfuko unazidi kuwa wa kina kadiri kazi inavyoendelea, biti inatelemka kutoka kwenye koleti. Mifereji ya ond inayopandisha maranda inaivuta biti chini kila inapokata. Chora mstari kwa kalamu ya wino kwenye shingo ya biti, palepale inapoingia kwenye koleti, ukate, kisha uutazame. Mstari ukiwa umetoka nje, safisha mafuta kwenye koleti na shingo, ukaze kwa spana mbili.

Mstari ukiwa palepale lakini kazi imehama upande, mota imepoteza hatua. Nguvu ya mota ya hatua hushuka kadiri inavyozunguka haraka. Mwendo wa milimita 3,000 kwa dakika kwenye skrubu ya milimita 5 ni mizunguko 600, na kwa draiva yenye volti ndogo mota nyingi hapo zimekwisha kudhoofika. Angalia imehama wapi. Kama ni kwenye safari za haraka za hewani, punguza mwendo wa juu na uharakishaji. Kwenye GRBL ni $110 hadi $112 na $120 hadi $122. Kama ni wakati wa kukata, mzigo umezidi, na tiba yake imo kwenye sehemu ya biti zinazovunjika.

Kama inahama ovyo, siku moja hivi na siku nyingine vile, au mashine inasimama ikidai imegonga swichi ya mwisho ambayo haijaguswa, shuku umeme. Kebo inayotoka kwenye kibadilisha mzunguko (kifaa kinachodhibiti kasi ya spindo) kwenda kwenye spindo hutoa kelele nyingi za umeme. Iwe na ala ya waya iliyosukwa, ala hiyo iungwe ardhini, na ipite mbali na nyaya za mota na za swichi. Zikilazimika kukutana, zikatizane kwa pembe mraba. Jaribio la haraka ni kuendesha kazi ileile hewani mara mbili, spindo ikiwa imewashwa kisha ikiwa imezimwa, na kuona kama biti inarudi kwenye sifuri ileile. Ikirudi spindo ikiwa imezimwa tu, usiguse mota wala draiva. Anza na kebo.